Kochi la Baba Yake Memsahib

Ukiwa Thika na kiatu chako kimefungua mdomo, watu watakuonyesha Kisilu. Anakaa nje ya duka la Mhindi wa vitambaa, mgongo kwenye ukuta, na chuma chake cha kutobolea ngozi kwenye paja. Kazi yake haina maneno. Lakini mwambie una kiti cha ngozi kimepasuka nyumbani, aje akiangalie, uone atakavyokukata jicho. "Lete hapa," atasema. Ukimwambia ni kizito, atakwambia, "Basi kikalie hivyo hivyo." Watu wanasema ana maringo. Juzi mwalimu mmoja alisimama pale akatangaza mbele za watu kwamba Mkamba akipata kibanda anajiona gavana. Nilikuwa nimeleta kiatu cha mtoto. Nilimwambia mwalimu anyamaze, na nikamwelekeza mahali pa kukitia hicho kiti chake. Mdomo wangu haujawahi kunisaidia, lakini siwezi kuuacha nyumbani.

Mtu asiyejua aulize. Mimi nilikuwa kule. Nilikuwa yaya katika shamba la kahawa upande wa Ruiru, wakati ule wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, nikilea mtoto wa mzungu na wangu mwenyewe nimemwacha Maragoli kwa mama. Kwa hiyo sisemi habari za kuambiwa, na pale nilipoambiwa nitasema nimeambiwa.

Mwenye shamba tulimwita Bwana Mluzi, kwa sababu alikuwa haongei na mtu, anapiga mluzi. Mluzi huo huo mmoja aliwaitia mbwa wake wawili, nyapara, na mimi. Ukichelewa unakuta mbwa wamefika kabla yako. Mkewe, Memsahib, yeye aliongea, na afadhali hata yeye angepiga mluzi.

Kisilu alikuwa fundi wa ngozi pale shambani. Mikanda ya mashine ya kumenya kahawa, hatamu za farasi, buti za Bwana, vyote vilipita mkononi mwake. Alikuwa mtu wa Kangundo, mrefu, mwenye haya, akicheka anaziba mdomo kama msichana. Alimwoa Warigia, Mkikuyu, na wazee wa pande zote mbili walikasirika mpaka wakachoka wenyewe. Warigia hakuwa na haya hata kidogo. Alikuwa akimwita "Mkamba wangu" mbele ya laini nzima ya nyumba za wafanyakazi, huku ameshika kiuno, na Kisilu anatafuta mahali pa kujificha. Mwaka huo alikuwa na mimba kubwa, ya kwanza, na alitembea nayo kama amebeba kitu cha kuonyesha watu.

Sasa, mwezi huo serikali ilikuwa inazoa Wakikuyu. Lori linaingia shambani, watu wanapangwa mstari, anayetakiwa na mzungu wake anabaki, asiyetakiwa anapandishwa kupelekwa rizavu, nchi waliyotengewa Wakikuyu, kwenye vile vijiji vipya vya mitaro na miiba. Warigia alikuwa hana pa kwenda huko. Nyumba ya kwao ilichomwa, na kaka zake hakuna aliyejua wako msituni au kaburini. Mwanamke wa mimba unampeleka kwa nani? Wengine walisema aliyeolewa na Mkamba huenda akaachwa, wengine walisema hapana, inategemea yule afisa ameamkaje. Kisilu hakutaka kubahatisha. Alitaka mzungu wake aseme neno moja tu, kwamba huyu abaki. Alikuwa amemwendea Bwana Mluzi, akapigiwa mluzi wa kuondoka.

Ndipo likaja jambo la kochi.

Lilikuwa kochi kubwa la ngozi, rangi ya chai isiyo na maziwa. Lilikuwa la baba yake Memsahib, na mzee huyo alikuwa amekufa, nalo likaja kwa meli kutoka kwao pamoja na masanduku yake ya arusi. Hakuna aliyeruhusiwa kulikalia na nguo za shamba. Siku hizo wazungu walikuwa wanatembea na bastola kiunoni hata wakienda chooni. Jioni moja Bwana alilewa, akalala juu ya kochi na bastola yake na sigara yake. Sigara ilichoma shimo kwenye mkono wa kochi. Chuma cha mkanda wake kikararua pa kukalia, mpasuko wa urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko. Asubuhi Memsahib alipiga kelele mpaka mtoto akaanza kulia, na mimi nikalaumiwa kwa sababu mtoto analia.

Jambo lililomtia wazimu ni kwamba mama yake alikuwa njiani, yuko baharini tayari. Kupeleka kochi Nairobi hakukuwezekana, barabara ilikuwa vizuizi vitupu. Basi akamwita fundi wa hatamu.

Kisilu aliingia sebuleni miguu mitupu, mara yake ya kwanza kukanyaga zulia lile. Nilikuwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni. Alipiga magoti, akapitisha kiganja juu ya ule mpasuko, taratibu, akaweka kidole ndani, akanusa.

"Wewe naweza tengeneza hii?" Memsahib akauliza.

"Naweza, Memsahib."

"Mama yangu nakuja. Yeye hapana ona kitu. Hata kidogo."

"Hataona."

Halafu yule mtu wa haya, asiyeweza kumwambia nyapara apunguze sauti, akafungua mdomo wake. "Memsahib, mke wangu ni Mkikuyu. Lori likija watamchukua. Na ana mimba."

Memsahib aliangalia kochi. Hakumwangalia yeye. "Wewe tengeneza mzuri kabisa, bibi yako nakaa. Mimi nasema na bwana."

Nilisikia kwa masikio yangu. Nilimwona Kisilu akianza hapo hapo kupima mpasuko kwa vidole, na mimi mwenyewe, mjinga mkubwa, nilifurahi nikaona sasa mambo yamekaa sawa.

Siku iliyofuata mtoto akatoka surua. Nikafungiwa naye chumbani, mapazia chini, nisitoke nisieneze ugonjwa. Chakula changu alileta Absalom, mpishi, mtu wa kwetu Maragoli, na habari za kazi ya Kisilu nilizipata kwake, nyingine kwa Kisilu mwenyewe baadaye. Absalom alizileta pamoja na uji, na zote zilikuwa chungu.

Kisilu alianza kwa kulipindua lile kochi, miguu juu. Chini yake, mahali pasipoonekana na mtu, akakata ngozi, ili kiraka kiwe cha ngozi ile ile ya mzee yule yule. Akakipara kwa kisu kingo zake mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Akakipenyeza ndani ya mpasuko, akakigandisha kwa gundi ya kwato aliyoichemsha mwenyewe, akaweka gunia la kahawa juu yake lishike. Kisha akavuta kingo za mpasuko zikakutana, akashona kwa uzi wa katani uliopakwa nta, mishono midogo midogo mpaka unadhani imeota yenyewe. Kwenye shimo la sigara alikata sehemu yote iliyoungua, akatia kiraka kingine. Rangi aliipata kwa kuchemsha gome la muwati, ule mti ambao viwanda vya Thika vinautumia kwa ngozi. Akapaka, akangoja ikauke, akapaka tena.

Memsahib alipoona mshono alifurahi hivi kwamba alimwambia Absalom amletee fundi chai sebuleni, na ailete kwa kikombe cha maua. Absalom alikuja kwangu, akatua sinia kwa kishindo. "Mimi nimepika katika nyumba hii tangu kabla ya huyo mtoto kuzaliwa," akasema, "na chai yangu nanywea kwenye mkebe wa samli. Leo nimebeba kikombe cha maua kumpelekea mshona buti!" Nilimwambia aache roho mbaya. Nilicheka hata. Kama ningejua ilikuwa inampeleka wapi hiyo roho yake nisingecheka.

Basi kazi ikabaki na jambo moja. Ngozi iliyolowa na kupakwa rangi inakauka inakuwa ngumu, inapiga kelele ukiikalia, na inaonekana tofauti na ngozi ya zamani. Inataka mafuta. Memsahib alikuwa na mkebe wake wa dawa ya viatu, nao ulikuwa umekwisha. Kisilu alirudi nyumbani jioni hiyo akakaa mlangoni ameshika kichwa. Warigia alimwuliza ana nini, akamwambia.

Kwa Wakikuyu, mwanamke akijifungua anapewa mafuta ya kondoo, anakunywa kwenye supu ili apate nguvu na maziwa. Warigia alijua hana mama wa kumchinjia kondoo. Kwa hiyo alikuwa amejiwekea mwenyewe. Alilima vibarua kwa Mbithe, jirani yao mwenye kondoo, mwanamke Mkamba wa makamo asiyetoa kitu bure, mpaka siku ya kuchinja Mbithe akampa mafuta ya mkia. Yalikuwa kwenye kibuyu kidogo juu ya jiko, yamezibwa na jani. Alikishusha, akampa mume wake.

"Haiya, chukua. Nikibaki hapa nitapata mengine. Nikichukuliwa, nitayanywea wapi?"

Kisilu aliyayeyusha na nta kidogo. Ndivyo wanavyofanya kwao kwa ngozi zote, tangu zamani, na hakuna kitu kinachozidi mafuta ya mkia kwa kulainisha. Alikanda kochi lote, siyo kiraka peke yake, ili liwe rangi moja. Kufika Ijumaa jioni, ukiliangalia hujui limepasuka wapi. Memsahib alipita na kidole, akageuka upande huu, akageuka upande ule. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana." Kisilu akakimbia laini kabla ya saa ya kafyu, na watu waliniambia Warigia aliimba jioni hiyo akipika.

Sasa nisikilizeni. Kwa Wakamba mbwa ni wa nje. Hata kwetu ni wa nje. Anakaa uani, anapewa mfupa, anabweka, basi. Mbwa akiingia nyumba wanamokaa watu anatolewa kwa kuni. Kisilu aliwajua mbwa wa Bwana Mluzi, nani asiyewajua, wakubwa kama ndama, lakini siku zote alipokuwa anafanya kazi walikuwa wamefungwa nyuma ya jikoni wasimrarue. Alipoondoka kabla ya kafyu walikuwa bado nyuma ya jikoni. Wakati wa kafyu hakuna mtu wa laini aliyeweza kukaribia nyumba kubwa, angepigwa risasi. Angejuaje kwamba tangu Imajensi ianze, Bwana alikuwa anawalaza sebuleni? Katika mawazo ya Kisilu, na ya mtu yeyote wa laini, kitu kama hicho hakikuwepo. Angekuwa amefikiri mbwa wanalala ndani, hangepaka mafuta ya kondoo kwa kitu chochote kile.

Mimi nilijua kuhusu mbwa. Sikujua kuhusu mafuta, nilikuwa nimefungiwa na surua. Kulikuwa na mtu mmoja katika nyumba hiyo aliyejua yote mawili.

Jumamosi asubuhi mtoto alikuwa amepoa, nikaruhusiwa kushuka. Niliingia sebuleni nikasimama. Mbwa walikuwa wamelala juu ya kochi, wameshiba usingizi. Walikuwa wamelamba, kisha wametafuna, kisha wamevuta. Kila alichoshona Kisilu kilikuwa wazi, mkono mmoja wa kochi umeliwa kipande, na manyoya ya ndani yametapakaa mpaka mlangoni.

Kisilu aliitwa. Memsahib alimpiga kofi kabla hajauliza kitu, halafu la pili, na yeye alisimama tu, macho kwenye kochi. Alipoacha kumpiga, Kisilu akageuka kwangu, akaniuliza polepole, "Dada Jentrix, mbwa wanalala ndani?"

"Ndiyo."

"Ndani ya nyumba?"

"Hapo hapo unapoona."

Alifunga macho. Nikaenda jikoni. Absalom alikuwa anakata mkate, vipande vyote sawa sawa.

"Absalom, wewe ulipita hapo jana na sinia. Hukunusa hayo mafuta?"

"Nilinusa."

"Na hukusema?"

"Hakuniuliza," akasema. "Fundi mkubwa anakunywa chai na kikombe cha maua, mimi mpishi nimfundishe kazi?" Akaendelea kukata mkate.

Nilimtemea mate miguuni. Sikuwa na la kufanya zaidi, na hata leo natamani ningekuwa nalo.

Niliporudi Kisilu alikuwa amepiga magoti, siyo mbele ya kochi safari hii. "Memsahib, nisamehe. Nitashona tena. Lakini lile neno la mke wangu..."

"Mimi nasema wewe tengeneza mzuri, bibi nakaa. Hii mzuri? Wewe naona mimi nafurahi?"

"Hapana, Memsahib."

"Mama yangu nafika leo jioni. Tengeneza. Leo. Kwisha tengeneza, sisi naongea."

Na lori lilikuwa shamba jirani. Kila mtu alijua, nyapara alikuwa amekwisha kupita laini kwa laini akigonga milango. Kisilu aliuliza kama anaweza kwanza kushuka huko, hata kidogo tu, asimame na mke wake.

"Bwana iko kule," Memsahib akasema. "Yeye najua. Wewe shona."

Hilo ndilo lililomshika. Bwana yuko kule, Bwana anajua, kwa hiyo neno limesemwa, na kilichobaki ni kazi. Akiiacha ameivunja ahadi yeye mwenyewe. Akachukua kisu, akapindua kochi, akaanza tena.

Nilimwona mtu akishona siku hiyo. Jasho lilimtoka puani likawa linadondoka, naye analikwepesha lisiguse ngozi. Sindano ilimwingia chini ya ukucha akanyonya damu akaendelea. Tukasikia lori likipanda mlima, likinguruma, halafu likasimama kule chini laini.

"Kisilu," nikamwambia, "lori."

"Nasikia."

"Nenda basi, bwana! Kochi litakimbia?"

"Nikienda atasema nimeacha kazi. Unamjua." Hakuinua kichwa. "Bwana yuko kule. Nikimaliza hii tu."

Mtoto akalia juu, Memsahib akaniita, nikapanda. Nilikuwa na hasira nikambana mtoto nguo mpaka akalia tena.

Yaliyotokea chini nilielezwa na Absalom mwenyewe, siku hiyo hiyo, uso umemwiva kwa aibu. Mbithe alikuja mbio mpaka mlango wa jikoni, kitambaa kimemtoka kichwani. Alisema Kisilu aitwe aje upesi, upesi, anatafutwa. Safari hii hata Absalom aliogopa. Alienda akamwambia Memsahib. Memsahib alikuja jikoni, akamsikiliza Mbithe mpaka mwisho, akatazama saa ya ukutani. Akasema fundi asiambiwe, mkono wake utatetemeka, kochi litaharibika tena. Akafunga mlango. Kisilu alikuwa upande wa pili wa ukuta na uzi mdomoni.

Alimaliza jua likiwa limeanza kuinama. Mafuta hakupaka, alisugua kwa nta tupu na kitambaa mpaka mikono ikavimba. Mkono uliotafunwa aliufunika kwa ngozi ya nyuma, na ukweli ni kwamba ilikuwa nzuri kupita ya kwanza. Bwana Mluzi aliingia na vumbi lake, akajitupa kwenye kochi hilo hilo na bastola yake hiyo hiyo. Kisilu alisimama ameshika kofia.

"Bwana, samahani. Mke wangu amebaki?"

Bwana alimtazama kama farasi ameuliza kitu. Akamgeukia mkewe, wakasemezana Kiingereza. Memsahib akaweka vidole mdomoni.

"Oh!" akasema. "Mimi nasahau kuambia bwana." Na akacheka kidogo, kicheko kile cha mtu aliyesahau chumvi kwenye supu. "Pole sana, fundi."

Alikuwa hajasema neno lolote, siku zote hizo. Hakumchukia Warigia, hata jina lake hakulijua. Alisahau tu. Mimi nimewaona wazungu wa kupiga watu na wa kufunga watu, na bado nikiamka vibaya ninayemkumbuka ni huyo wa kusahau.

Kisilu alikimbia laini na kile kipande cha ngozi cha kukinga kiganja kikiwa bado kimefungwa mkononi. Mbithe alikuwa mlangoni kwao, amekaa chini, amewafungia kuku wa Warigia ndani ili wasiibwe. Watu wengine walijifanya wana kazi. Mbithe hakuficha kitu, Wakamba wenzake walimlaumu baadaye kwa hilo, lakini mimi nasema alifanya vizuri. Alimwambia Kisilu kwamba afisa wa siku hiyo alikuwa kijana, na hakuwa mbaya. Alipofika kwa Warigia akaona tumbo, akauliza. Warigia akasema ameolewa na Mkamba. Afisa akasema, mwanamke wa Mkamba namwacha, mume wake ajitokeze aseme ni wake. Akaita. Bwana Mluzi alikuwa kando ya lori akivuta sigara, na nyapara alitazama miguu yake, kwa sababu hakuwa ametumwa kusema. Mbithe akasema anamjua, afisa akasema hataki jirani, anataka mume. Ndipo Mbithe akakimbia kule juu. Afisa alingoja. Lori zima lilingoja, injini inawaka, na Warigia akawa anamwambia kila mara, "Anakuja, bwana. Mkamba wangu anakuja. Ni fundi, yuko hapo juu tu." Mbithe aliporudi peke yake, afisa alipandisha mabega, akampa Warigia mkono wa kumsaidia kupanda.

Mama yake Memsahib alifika jioni hiyo. Alilikalia kochi kila siku mpaka alipoondoka, akifuma sufu, na hakuona kitu. Hata kidogo.

Kisilu aliomba ruhusa ya kwenda rizavu, akanyimwa, akaomba tena. Siku hizo bila karatasi ulikuwa hufiki hata daraja la Chania. Alibaki akishona hatamu za Bwana Mluzi, maana angekula nini. Ilipita karibu miaka miwili kabla njia haijalegea. Aliogopa kwenda peke yake, akamwomba Mbithe. Mbithe ndiye aliyenihadithia, hapa hapa Thika, na mwanamke yule ambaye hatoi kitu bure alikuwa analia.

Walimkuta kwenye mtaro. Wanawake wa kijiji walikuwa wanauchimba upya, mahomgadi, askari weusi wa serikali, wamesimama juu na bunduki. Warigia alikuwa amekonda, karai la udongo kichwani. Hakukuwa na mtoto mgongoni, na Kisilu alipotazama huku na huku akitafuta, alimwambia asitafute. Alizaa kwenye baridi, mvua za mwanzo, hakupata maziwa. Alikuwa msichana. Alisema hivyo tu, bila machozi, kama anayetaja bei ya kitu.

Kisilu akamwambia wameruhusu, arudi, amepata chumba Thika. Yeye akatua karai chini.

"Nilikuita mbele ya watu," akasema. "Mzungu mwenyewe alikungoja. Nilimwambia unakuja, nikamwambia tena, mpaka wanawake kwenye lori wakaanza kunicheka. Nilidhani wamekufunga. Nilidhani umekufa. Njia nzima nilikulilia wewe. Ulikuwa wapi?"

Mbithe alitaka kusema, Kisilu akamshika mkono. Alitaka aseme mwenyewe. Akamweleza yote: ahadi ya Memsahib, mafuta, mbwa, kochi lililochanwa, na kwamba alikuwa anashona upesi upesi kwa ajili yake, ili abaki. Kwamba aliambiwa Bwana yuko kule. Kwamba alilisikia lori.

"Ulilisikia lori," Warigia akasema.

"Ndiyo."

"Na ukaendelea kushona kiti."

Homgadi akapaza sauti kutoka juu, akiuliza nani amesimama. Warigia akainama, akajitwika karai lake mwenyewe bila kungoja kusaidiwa, akarudi kwenye mstari wa wenzake.